Maneno Arobaini ya Mwanzo

4 Machi

Binti yangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote unaoishi nao na unaofanya nao kazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Yale mafua uliyokuwa nayo mwezi uliopita natumaini yamekwisha. Acha kunywa maji ya friji asubuhi, nimekuambia tangu ukiwa na meno ya utoto.

Paa la jikoni limezibwa. Fundi alikuja mara mbili kulitazama tu, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akaondoka. Alipokuja tena nilisubiri apande, nikaondoa ngazi, nikamwambia atashuka kazi ikiisha. Sasa mvua ikinyesha tunaisikia bila kuiona. Jirani yetu mwenye duka la dawa amepata mjukuu wa kike na anatangaza mtaa mzima kwamba mtoto anafanana na yeye, masikini mtoto wa watu. Amesema nikusalimie.

Baada ya hayo, nina jambo. Unajua tangu mama yako apate kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kulia umekuwa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki ndiye aliyetuonyesha ule mchezo wa bustani kwenye kishikwambi: unagusa nyanya zilizoiva, unaburuta ndoo hadi kwenye miche, unawafukuza viwavi. Aliuchagua kwa sababu ulikuwa na kitufe chenye picha ya kobe. Ukikibonyeza, kila kitu kinakwenda taratibu, hata kiwavi anatambaa kama anakwenda mahakamani. Mama yako amecheza kila asubuhi mezani, na mwezi wa kwanza alifunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, vyote, akaja sebuleni kunionyesha. Sikukuambia kwa sababu alitaka uje uone mwenyewe.

Wiki iliyopita mchezo ulijibadilisha, likaja toleo jipya, na kobe hayumo. Viwavi wanakimbia. Miche inaliwa kabla mama yako hajainua kidole, kisha kioo kinakuwa chekundu, kinaandika UMESHINDWA, na sauti ya mwanamke inacheka. Juzi alikisukuma kishikwambi kikaanguka sakafuni, na tangu siku hiyo hajakigusa. Asubuhi anakaa tu mezani na mkono mapajani.

Wenye mchezo wametangaza kwamba kobe ameondolewa kwa majaribio. Watasoma maoni ya wachezaji hadi mwisho wa mwezi, ndipo waamue arudi au afutwe kabisa. Kikundi chetu chote cha kliniki kimeandika maoni. Nimekumbuka kwamba kampuni yako ndiyo inayosoma maoni ya wachezaji kwa niaba ya wenye michezo. Tafadhali, mwanangu, waambie.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako


6 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye simu ndani ya lifti nikikimbilia kikao, na nimecheka hadi watu wakanitazama. Kumwondolea fundi ngazi! Mafua yamekwisha, na maji ya friji nimeacha, karibu. Mpe jirani hongera, na mwambie nasubiri kuona kama mtoto kapata na ile sauti.

Mimi niko hoi ila nina furaha. Unakumbuka ile mashine niliyokuwa nakueleza? Tumeifundisha kwa maelfu ya maoni ambayo watu walishayasoma na kuyapanga, haya ya furaha, haya ya hasira, haya ya katikati. Ilipozoea, ikaanza kusoma yenyewe. Sasa inasoma kwa dakika chache maoni ambayo ofisi nzima ingeyasoma mwaka mzima. Kazi yangu ya kwanza kubwa nayo imekuwa ule mchezo wa bustani anaoupenda mama, bahati gani hiyo. Wenyewe walitaka kujua watu wameyapokeaje mabadiliko ya toleo jipya. Nikaigawa ripoti kwa umri, na unajua kundi lililofurahi kuliko yote? Wazee! Chati yao imepanda mpaka mkuu wetu wa idara, tunayemwita Bwana Chati, ameibandika ukutani.

Mwambie mama kwamba nilipoiona chati hiyo nilimuwaza yeye. Jumapili nilipopiga simu nilisikia anataka kusema kitu, nikamwambia asijichoshe. Nimefurahi kupata salamu zake kwenye barua yako.

Chiriku wako


9 Machi

Binti yangu,

Salamu. Hujambo, na wa hapo kwako hawajambo? Hasira haifuti adabu, ndiyo maana nimekusalimu.

Barua yako nimemsomea mama yako. Nilipofika kwenye chati ya wazee waliofurahi, aliinuka akaenda chumbani. Nimebaki na barua mkononi kama mtu aliyeleta tusi kutoka sokoni.

Wazee gani hao waliofurahi? Mmewatoa wapi? Katika kikundi chetu kuna Mwalimu, yule mstaafu aliyekufundisha hesabu, ambaye kiharusi kilimkamata mguu na mkono. Kuna dereva wa lori aliyevunjika bega. Kuna mama mwenye duka la vitambaa ambaye vidole vyake vinatetemeka. Wote waliucheza mchezo huo kwa sababu ya kobe, na wote wameandika kwamba kobe kuondoka kumewaumiza. Niliwaona wakiandika, tulikuwa meza moja. Halafu mtoto niliyemsomesha mwenyewe ananiandikia kwamba tumeshangilia. Mtu akilia mbele yako ukaandika kwamba amecheka, hata kama umeandika kwa mashine, umemdhulumu.

Maoni yangu haya hapa, kama nilivyoyatuma, neno kwa neno. Yasome, uniambie furaha iko wapi.

«Kwa watengenezaji wa mchezo wa bustani. Salamu nyingi sana ziwafikie nyote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na familia zenu. Tunawaombea afya njema na baraka katika kazi zenu. Hongereni sana kwa ubunifu mzuri mliotupatia. Umetuletea furaha kubwa nyumbani kwetu na tunawashukuru kwa moyo wote. Baada ya salamu hizo, napenda kuwajulisha kwa masikitiko makubwa kwamba kumwondoa kobe kumewaumiza wagonjwa. Mke wangu alikuwa anaufundisha mkono wake upya kwa mchezo huu. Sasa mchezo unamshinda na kumcheka. Huu ni ukatili, hata kama hamkuukusudia. Mrudisheni kobe. Wenu, mume wa mchezaji.»

Nasubiri jibu. Mama yako anakusalimu.

Baba yako


10 Machi

Baba,

Shikamoo. Naomba tusigombane kwa jambo ambalo lina maelezo.

Kwanza, mashine haibuni. Tuliijaribu kabla ya kuitumia, na katika kila maoni kumi inapatia tisa, kuliko hata baadhi ya watu niliowahi kufanya nao kazi. Pili, nyinyi ni kikundi kimoja cha kliniki moja, na mimi nimepima wachezaji wa kila mahali. Inawezekana kabisa wazee wengine wamependa mchezo kwenda haraka. Tatu, nimeyatafuta maoni yako kwenye orodha nikayakuta, na umewapa nyota tano. Tano, baba! Hata mimi ningeandika kwamba umefurahi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo haya nayasikia leo. Mkono wa mama umerudi nyuma, mchezo unamcheka, na mimi sijui lolote. Ripoti tayari imekwenda kwa wenye mchezo. Mbona hukuniambia mapema, kabla sijaituma? Ningejua ningeuliza maswali. Mnanificha mambo ya nyumbani halafu mnanilaumu kwa kutoyajua.

Binti yako


12 Machi

Chiriku,

Nilikuambia.

Rudi kwenye barua yangu ya tarehe nne. Usiishie kwenye paa.

Kuhusu nyota, nilitoa tano kwa sababu watu hao wamefanya kazi kwa mikono yao, na kumpa mtu nyota moja mbele ya kadamnasi ni kumvua nguo. Nyota ni heshima. Lawama niliiweka kwenye maneno, mahali pake. Kama mashine yenu inasoma maneno, basi isome maneno.

Leo sikuandika kwamba mama yako anakusalimu. Utajua mwenyewe kwa nini.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo, na samahani. Nimeisoma barua ya tarehe nne hadi chini. Nimesoma habari za vifungo. Nimekaa chooni kazini nikalia mpaka mwenzangu akabisha mlango kuuliza kama naumwa. Kwenye lifti nilisoma mpaka kwenye mjukuu wa jirani, nikaona nimeshapata habari zote, nikaruka hadi salamu za mama pale mwisho, nikaizima simu.

Nilipotoka chooni nilikuwa na hasira ya kutafuna kiti, na hasira ikanipa akili. Nilijiuliza, kama mimi niliyezaliwa na wewe nimeishia kwenye salamu, mashine je? Nikayachukua maoni yako nikailisha, nikaitazama inavyosoma, hatua kwa hatua. Baba, inasoma maneno arobaini ya mwanzo. Yanayobaki inayatupa. Siyo siri wala hitilafu, ndivyo tulivyoipanga. Kusoma maneno mengi kunahitaji kompyuta kubwa na muda, na maoni tuliyoifundishia yalikuwa ya vijana, ambao huandika «takataka» au «tamu balaa» na kuendelea na maisha yao. Kwa vijana arobaini ni mengi mno. Kipimo cha tisa kwa kumi tulikipata kwao. Hakuna aliyejaribu kwa watu wanaopiga hodi kabla ya kusema.

Maoni yako yanakatika kwenye «tunawashukuru kwa». Hata moyo hayakuufikia. Ya Mwalimu yanakatika akiwa bado anawaulizia wazazi wao. Ya mama wa vitambaa yana dua tupu hadi neno la arobaini. Nimeyasoma ya wazee wengine, wasio wa kliniki yenu, na mengi ni hivyo hivyo: shukrani, baraka, pole na kazi, halafu ndipo mtu anafungua mzigo. Kadiri mtu alivyolelewa vizuri ndivyo alivyohesabiwa kuwa na furaha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Chati. Nilimwambia, «Chati ya ukutani ni ya uongo. Hatukupima furaha, tumepima adabu.»

Akaniambia, «Mteja ameipokea ripoti na ameridhika. Sasa nimwambie nini?»

«Mwambie tumekosea.»

«Hatujakosea. Mashine imefanya ilichoambiwa. Hao wazee wako wajifunze kuandika kifupi, dunia haiwasubiri.»

Hao wazee wako, baba. Alisema hivyo huku anakunywa chai kwenye kikombe nilichomnunulia mimi siku yake ya kuzaliwa.

Nina ombi. Muda bado upo. Waambie wenzako wa kikundi waandike maoni upya, safari hii waanze na lawama. Neno la kwanza liwe «Tumeumizwa». Salamu ziende mwisho au zisiwepo kabisa. Mashine itayaona, chati itaanguka, na Bwana Chati atakosa pa kujificha.

Mwambie mama nampenda.

Chiriku


17 Machi

Binti yangu,

Salamu zikufikie. Tumepokea samahani yako na tumeipokea kwa mikono miwili. Sisi hatujambo, mvua zimepungua.

Ombi lako nililipeleka kliniki, nikalisoma mbele ya kikundi, na nusura nipigwe na fimbo za kutembelea. Mwalimu alisema, «Miaka yote niliwafundisha watoto wa watu kuandika barua. Anwani, tarehe, salamu, ndipo kusudi. Leo mtoto niliyemfundisha mwenyewe anataka niingie kwa mtu bila hodi, nianze kufoka sebuleni?» Dereva akasema yeye hata polisi akimsimamisha barabarani humsalimu kwanza, ndipo wagombane. Mama wa vitambaa akauliza kwa upole wake mashine hiyo imelelewa na nani. Nikaona aibu kusema imelelewa na binti yangu.

Tulijadiliana hadi mtaalamu wa mazoezi akatufukuza, maana alikuwa na wagonjwa wengine. Uamuzi wa kikundi ni kwamba hatuandiki upya. Tulisema tulichosema, na tulikisema vizuri. Aliyeacha kusikiliza katikati ndiye mwenye kosa, na hatuwezi kukata adabu zetu ili zitoshe kwenye mdomo mdogo wa mashine yenu. Leo tutaacha salamu kwa ajili ya mashine, kesho mtatuambia tuache na majina ya watoto wetu. Kama inashindwa kusoma, ifundishwe kusoma. Wewe si ndiye mwalimu wake?

Mama yako alikuwepo, pale pembeni karibu na dirisha. Alitusikiliza tulivyokuwa tunapiga kelele, kisha akatoka kukaa nje peke yake. Nadhani alichoka.

Najua umetaka kusaidia. Lakini usituombe tuwe watovu wa adabu ili tuonekane tunaumia.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako


22 Machi

Baba,

Shikamoo, na umsalimie Mwalimu, Dereva, Mama wa vitambaa, mtaalamu wa mazoezi, na jirani na mjukuu wake. Naona nimeanza kujifunza.

Barua yako ilinikasirisha usiku, asubuhi ikanipendeza. Mmesema kweli. Nikaenda kuitoa ile kamba ya maneno arobaini, nikairuhusu mashine isome kila maoni hadi nukta ya mwisho. Ilijikongoja, maana haikuzoea, na mengine bado iliyakosea. Kwa hiyo yale ya wazee niliyasoma mwenyewe, kwa macho yangu haya, nikiwa nimeficha kompyuta nyuma ya rundo la nyaraka ili Bwana Chati asinione. Sijawahi kusoma kitu kikanipa hasira vile. Kuna bibi mmoja, sijui ni wa wapi, ameshukuru, amebariki, ameomba radhi kwa kuwachosha, kisha akaandika kwamba bila kobe mume wake aliye nusu kipofu hawezi tena kucheza na yeye jioni, na kwamba walikuwa hawana mchezo mwingine wa pamoja. Sisi tulimweka kwenye kundi la «furaha kubwa mno».

Jana kulikuwa na mkutano na wenye mchezo. Walikuwa watatu, vijana wa rika langu, viatu safi. Bwana Chati alionyesha chati yake. Akaniambia nieleze kidogo kuhusu wazee, akitarajia niitikie kama kwaya. Nikasimama nikasema nitasoma maoni ya mtu mmoja tu, yote. Nikachagua ya Mwalimu.

Nilisoma salamu zake kwao. Nilisoma alivyowaulizia wazazi wao, na watoto wao kama wanao, na kama hawana, alivyowaombea wapate. Mmoja wao alianza kutazama simu. Bwana Chati akakohoa, akasema, «Nadhani tumeelewa, anafurahi, tuendelee.» Nikamwambia, «Bado yuko mlangoni. Mngoje aingie.» Nikaendelea. Nilipofika pale Mwalimu anapoandika kwamba alikuwa ameanza kushika chaki tena, na kwamba kicheko cha mwanamke wa kwenye mchezo humfuata hadi kitandani, yule wa simu aliiweka chini. Nikawauliza, «Je, huyu amefurahi?» Nikawaambia, «Ripoti yetu inasema amefurahi. Kuna mamia kama yeye, na maoni yao ninayo yote hapa.» Nikayasukuma mezani yale niliyochapisha.

Wakaomba kuondoka nayo. Leo mchana wameandika kwamba kobe atarudi, na kile kicheko kitaondolewa. Ndivyo walivyosema. Tutaamini tukiona.

Mimi nimehamishwa. Kuanzia Jumatatu siko tena kwenye mashine, nitakuwa chumba cha chini najibu simu za wateja wenye malalamiko. Bwana Chati ameniambia ni kwa sababu nina kipaji cha kusikiliza. Alisema akitabasamu, na yeye mwenyewe ndiye atakayeifundisha mashine sasa. Ile kamba ya arobaini ameshairudisha. Kwa bustani wameshinda wazee, lakini kesho itasoma maoni ya mchezo mwingine, na wengine watakatwa mlangoni bila mtu wa kuwasomea. Hasira ninayo, na sitaki initoke.

Msalimie sana mama. Mwambie asijichoshe kunijibu.

Chiriku


2 Aprili

Kobe amerudi.

Hilo ndilo jambo. Nimeliweka mbele kwa kuwa naambiwa huko kwenu mnasoma mwanzo tu.

Naandika mimi, mama yako. Naandika kwa kidole cha mkono wa kulia. Baba yako hajui. Yuko nje anamfokea fundi, paa linavuja tena. Naandika kidogo kila asubuhi nikishamwagilia nyanya. Ndiyo maana sentensi zangu ni fupi. Zivumilie.

Nimekasirika. Siyo na mashine. Mashine sikuizaa. Nimekasirika na nyinyi wawili.

Mwezi mzima mmegombana juu ya mkono wangu. Baba yako ananisomea barua zako kwa sauti kubwa. Kila aya ananiuliza, umesikia? Masikio yangu hayakupata kiharusi. Akimaliza anakaa kukujibu. Haniulizi nataka kusema nini. Kliniki walinijadili mimi nikiwa dirishani. Baba yako akakuandikia kwamba nilitoka kwa sababu nilichoka. Sikuchoka. Nilitaka kusema, wakanipita kama kiti.

Mimi ningeandika upya. Ningeanza na lawama. Salamu nazipenda, lakini mkono ni wangu. Hakuna aliyeniuliza.

Na zile «mama yako anakusalimu» sikuzituma. Ni za baba yako. Anaziandika kama mtu anavyofunga mlango akitoka, mkono unakwenda wenyewe. Mwezi wa tatu sikuwa na salamu za mtu. Nilikuwa na hasira na aibu. Wewe ukazipokea, ukafurahi, ukaona yamekwisha.

Ile Jumapili uliyopiga simu nilitaka kukuambia habari za kobe. Ulimi wangu mzito, lakini unafika. Nikaanza. Ukasema, basi mama, usijichoshe, mpe baba simu. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Mashine yenu ilimpa baba yako maneno arobaini. Wewe hunipi hata kumi.

Ulichofanya mkutanini nimekipenda. Nilimwambia baba yako asome mara ya pili. Yule Bwana Chati hana haya, na kile kikombe ungemnyang'anya. Huko chini ulikowekwa, watu wakipiga simu, waache wafike.

Ukija, usinifunge vifungo. Nitafunga mwenyewe, wewe utakaa utazame. Usinimalizie sentensi. Nikinyamaza katikati sijamaliza, natafuta neno. Ngoja.

Jambo langu limeisha. Salamu nimeziweka mwisho, ili nijue umefika.

Hujambo, mwanangu?

Mama yako